Kapelani Asiye na Chumba cha Kubadilishia Nguo

Kapelani wa timu ya besiboli nchini Marekani anajua Jumapili asubuhi atakuwa wapi. Shirika la Baseball Chapel, lililoanzishwa mwaka 1973, huandaa ibada fupi ndani ya viwanja vyenyewe, wachezaji wakiwa tayari wamevaa jezi na mhubiri akijua kwamba hana muda wa kurefusha maneno. Kapelani wa mbio za magari za NASCAR naye, tangu huduma ya Kikristo ya Motor Racing Outreach ianzishwe mwaka 1988, anaijua ratiba ya msimu mzima, kwa hiyo anaweza kusafiri na msafara ule ule wa madereva, mafundi na familia zao kutoka mji mmoja hadi mwingine. Mchezo wa sketibodi, ule wa kuteleza na kuruka juu ya ubao wenye magurudumu, haumpi mtumishi nafasi ya namna hiyo. Hauna klabu, hauna chumba cha kubadilishia nguo, wachezaji wake wengi wamekua bila kocha, na kwa sehemu kubwa ya historia yake haukuwa hata na msimu unaoanza na kumalizika. Mtu anayetaka kuwa kapelani wa wachezaji wa kulipwa wa sketibodi anaanza kazi bila mlango wa kubishia hodi.

Mimi si mchezaji wa sketibodi wala sijawahi kuwa. Nilitokea kwenye ukapelani wa hospitali, na kilichonivuta kuufuatilia mchezo huu ni majeraha yake: namna kijana aliyekuwa akishangiliwa juzi anavyoweza kulala chumbani leo mguu ukiwa umefungwa plasta, akisubiri simu kutoka kwa mdhamini. Kadiri ninavyosoma habari za watumishi wa Kikristo waliofanya kazi katika mchezo huu, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba makanisa mengi yamemtafuta nyota kabla ya kumtafuta mtu. Wanamchukua mchezaji mashuhuri aliyeokoka, wanampandisha jukwaani aeleze alikotoka, vijana wanapiga makofi, kisha kila mmoja anarudi kwake. Hayo ni mahubiri, na yana nafasi yake. Ukapelani ni jambo lingine.

Ni vyema kwanza kueleza mchezaji wa kulipwa ni nani hasa, maana hapo ndipo penye tofauti kubwa na michezo mingine. Kwa desturi ya mchezo huu, mtu huwa wa kulipwa siku kampuni inapotoa ubao wenye jina lake. Hakuna ligi inayomsajili, na kwa muda mrefu hakuna mashindano aliyolazimika kushinda. Kampuni na wenzake huona kwamba amestahili, ubao unachapishwa jina, na kuanzia hapo anapata sehemu ndogo ya mauzo ya kila ubao, pamoja na posho ya wadhamini wa viatu, magurudumu au mavazi kama anao. Wengi wao hawahesabiwi kuwa waajiriwa wa kampuni hizo. Wanafanya kazi kwa mikataba, na mkataba ukiisha bila kuhuishwa, jina huondoka kwenye ubao, na mara nyingi mchezaji husikia habari hizo kwa simu fupi. Mashindano yapo, na yamekuwa makubwa tangu X Games ilipoanza mwaka 1995 na Street League mwaka 2010, lakini heshima ya mchezaji wa mtaani bado hupimwa kwa video: dakika chache za picha zinazoweza kuchukua mwaka au zaidi kukusanywa, usiku baada ya usiku, kwenye ngazi za shule, nyua za benki na maegesho ya magari.

Tuitazame kazi hiyo kwa karibu. Kuna ngazi kumi na kitu, kando yake chuma cha kushikia, na chini yake sakafu ya saruji. Kabla ya jambo lolote mtu mmoja anachukua ufagio na kuondoa kokoto, kwa sababu kokoto moja iliyonasa chini ya gurudumu inatosha kumrusha mchezaji uso kwa uso na sakafu. Mpiga picha analala karibu kabisa na mahali ubao utakapotua. Taa zinawashwa kwa jenereta inayonguruma, na rafiki mmoja anaangalia kama mlinzi wa jengo anakuja. Mchezaji anarudi nyuma, anasukuma mara nne au tano, anaruka, anaupiga ubao teke pembeni kabla haujagusa chuma kwa sababu amehisi kwamba hautakaa sawa, anaangukia nyonga, anainuka, anapanda tena. Ubao wenyewe ni tabaka saba za mbao nyembamba zilizogandishwa pamoja, na juu yake kuna msasa unaoula ubavu wa kiatu mpaka soksi ionekane. Anajaribu hivyo kwa saa mbili. Pengine atafaulu, pengine mlinzi atafika kwanza, pengine kifundo cha mguu kitateguka na wote watapakia taa zao kimya kimya kwenye gari.

Kapelani ana kazi gani mahali kama hapo? Hawezi kukusanya watu kwa ajili ya ibada. Hawezi kusema neno la kutia moyo kila baada ya anguko, kwa maana mtu anayejikusanya ili aruke tena hahitaji sauti ya mtu mzima masikioni mwake, na akimwombea kwa sauti hapo ngazini atakuwa ameifanya hofu ya mwenzake kuwa jambo la hadhara. Kwa maoni yangu anaweza kushika ufagio. Anaweza kushika taa, kubeba maji, kuendesha gari kurudi nyumbani saa nane za usiku, na katika safari hiyo ya kurudi, kama akijaliwa, kusikia lile ambalo lisingesemwa mahali pengine popote. Watumishi wengi wa michezo husema kwamba kazi yao ni kuwapo, na wanasema kweli, lakini kuwapo kwenye mchezo huu kuna gharama ambayo wanaoketi kwenye benchi la timu hawaijui: hulipwi, huna kitambulisho cha kukuruhusu kuingia, na kwa mujibu wa sheria wewe na wenzako pengine mmeingia kwenye uwanja wa mtu bila idhini yake. Hilo la mwisho si dogo kwa mtu aliyewekwa wakfu, na kapelani inampasa kuamua mapema mstari wake uko wapi, kabla polisi hawajamuuliza.

Haishangazi basi kwamba wale waliopenya zaidi ni watu waliotoka ndani. Eddie Elguera alikuwa bingwa miaka ya 1979 na 1980, wakati mchezo ulipokuwa ukichezwa kwenye mabwawa makavu ya kuogelea na madimbwi ya saruji, na kuna mtindo unaoitwa kwa jina lake mpaka leo. Baadaye akawa mchungaji katika eneo la jangwa la kusini mwa California. Jay Haizlip, mchezaji wa kulipwa wa zamani aliyewahi kutekwa na dawa za kulevya, alianzisha kanisa Huntington Beach katika jimbo hilo hilo. Brian Sumner, mzaliwa wa Liverpool aliyechezea kampuni ya mbao ya mchezaji mashuhuri Tony Hawk, ndoa yake ilivunjika, akaokoka, akamrudia mke wake yule yule na kumwoa tena, na tangu hapo amekuwa akihubiri kwa vijana na wafungwa. Watu hawa hawakuhitaji kujifunza lugha ya wenyeji. Mwili wao wenyewe ni barua ya utambulisho: mtu anayejua maumivu ya kisigino kilichopasuka haulizwi amekuja kufanya nini.

Christian Hosoi ndiye anayejulikana kuliko wote, na habari yake inastahili kusimuliwa taratibu, kwa sababu ina jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka. Katika miaka ya 1980 yeye na Tony Hawk ndio waliokuwa wakishindania ukuu wa rampu, ile miinuko iliyopinda ambayo mchezaji huipanda kwa kasi na kuruka juu yake. Hawk alikuwa mwembamba na wa hesabu, Hosoi alikuwa wa madaha na wa kwenda juu sana, na mtindo wake mashuhuri uliitwa Christ Air: akiwa hewani huunyanyua mwili wote ukanyooka, miguu imebana, mikono imetanda kushoto na kulia, ubao ukiwa umeshikwa kwa mkono mmoja, na kwa nukta moja umbo la msalaba huonekana juu ya umati. Aliufanya mtindo huo wakati ambapo hakuwa mwamini kabisa. Kisha fedha zikaja, dawa ya kulevya ya methamfetamini ikafuata, soko la rampu likaanguka, na mchezo ukahamia mitaani kwa kizazi kipya. Mwaka 2000 alikamatwa kwenye uwanja wa ndege wa Honolulu akiwa amebeba dawa hizo, akafungwa, na huko gerezani akaanza kusoma Biblia. Aliachiliwa mwaka 2004, na baada ya hapo akawa mmoja wa wachungaji katika kanisa la Haizlip.

Jambo linalopitwa haraka ni nani aliyemfikia. Simulizi zake zinamtaja mwanamke aliyekuwa mpenzi wake wakati ule, ambaye baadaye akawa mke wake, akimwambia kwa simu kwamba sasa wamtegemee Mungu. Ni maneno ya simu ya gerezani kutoka kwa mtu aliyekuwa hana cha kupata kwake. Hakuna jukwaa hapo, wala mhubiri mashuhuri, wala mdhamini. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na kwa mizani hiyo yule mwanamke alikuwa kapelani kuliko watu wengi waliokuja kumwalika azungumze baada ya mwaka 2004.

Wapo watakaoniambia kwamba ushuhuda wa mtu kama Hosoi umewaokoa wengi, na sibishi. Ninachokihofia ni haraka. Mchezo huu una mfano mmoja mzito ambao kila mtu anayefikiria huduma hii lazima aukabili. Mark Rogowski, aliyeitwa Gator, alikuwa miongoni mwa majina makubwa ya miaka ya 1980. Umaarufu wake ulipoanza kushuka aliingia katika Ukristo kwa bidii kubwa na akawa anautangaza waziwazi. Mwaka 1991 alimuua mwanamke kijana. Majuma kadhaa baadaye alikiri kwa rafiki yake wa kanisani aliyekuwa mhubiri, na akajisalimisha polisi. Alihukumiwa kifungo cha miaka 31 hadi maisha. Siwezi kusema ni nini kilichokuwa moyoni mwake alipodai kuokoka, na sitaki kuutumia msiba wa familia ya yule binti kama kielelezo cha somo langu. Hata hivyo mtumishi hawezi kuisoma habari hiyo bila kujiuliza maswali ya kazi yake. Je, mtu akionyesha ghadhabu na wivu wa kutisha, nitaviita majaribu ya mwongofu mpya, au nitamtafutia daktari? Na mtu akinijia na siri ya damu, nitaahidi usiri wa namna gani, na sheria ya nchi niliyopo inanitaka nifanye nini?

Majibu ya maswali hayo hayapatikani usiku ule mtu anapolia mbele yako. Huku hospitalini tulifundishwa kusema mipaka ya usiri mwanzoni kabisa, kabla mtu hajafungua kinywa: kwamba nitalinda uliyoniambia, isipokuwa pale uhai wako au wa mtu mwingine ulipo hatarini, au mtoto anapodhuriwa. Kapelani wa sketibodi, ambaye hana ofisi wala karatasi ya kumpa mtu asaini, ana haja zaidi ya kuyasema hayo kwa mdomo wake mapema. Yanasikika kama baridi kidogo, najua.

Upande mwingine wa jambo hilo ni Jay Adams, mmoja wa vijana wa kundi la Z-Boys waliobadilisha mchezo huu katika miaka ya 1970. Aliingia na kutoka gerezani, akapambana na dawa za kulevya, akawa Mkristo, na maisha yake hayakunyooka kwa siku moja. Alifariki mwaka 2014 akiwa na umri wa miaka 53. Mtu wa namna hiyo hafai kwa ratiba ya mkutano wa injili, kwa sababu huwezi kujua mwaka ujao atakuwa wapi. Anafaa sana kwa kapelani, ambaye hakuahidi mtu yeyote matokeo.

Kuhusu afya ya akili, somo kubwa la miaka ya karibuni halikutoka kanisani. Mwaka 2019 mchezaji wa kulipwa wa Uingereza Ben Raemers alijiua akiwa na umri wa miaka 28, na wachezaji wenzake pamoja na familia yake wakaanzisha taasisi yenye jina lake ili kuwafundisha watu wa mchezo huu namna ya kuzungumza juu ya huzuni na kuitambua kwa wenzao. Wachezaji walizoea kuliamini jambo moja: kwamba ukiwa na huzuni, nenda kacheze, itaondoka. Kwa wengi huondoka kweli, na ndiyo sababu majeraha ni hatari maradufu, kwani yanamwondolea mtu riziki na dawa yake kwa wakati mmoja. Kapelani Mkristo anayefika hapo na kusema tu kwamba aombe zaidi amekuja nyuma ya wakati. Wajibu wake ni kuwa na namba za wataalamu mfukoni, kwenda na mtu mpaka mlangoni kwa daktari, na kumsubiri nje. Maombi yanaweza kufanyika kwenye benchi lile la kusubiria, na kwa uzoefu wangu hapo huwa hayahitaji maneno mengi.

Nimewahi kusikia Wakristo wakiuogopa mchezo huu kwa ajili ya picha zake. Ni kweli kwamba mafuvu, misalaba iliyopinduliwa na pembe za shetani zimejaa kwenye mbao na fulana, na gazeti la Thrasher, lililoanza mwaka 1981, limezifanya kuwa sehemu ya sura yake. Kwa mtazamo wangu nyingi ya picha hizo ni mzaha wa vijana dhidi ya watu wazima, na mtumishi anayeanza kwa kukemea michoro amejifungia nje mwenyewe. Tena miongoni mwa majina yanayoheshimiwa sana na watu wa mchezo huo huo wamo Wakristo wanaojulikana, kama Steve Caballero na Jamie Thomas, na heshima waliyo nayo haikutokana na kuhubiri bali na yale waliyoyafanya juu ya ubao.

Pengine ni lazima nitenganishe huduma hii na ile inayojulikana zaidi. Skatechurch ya Portland, Oregon, iliyoanza mwaka 1987 kwenye maegesho ya magari ya kanisa, ilitoa kielelezo kilichoigwa kwingi: vijana wanapewa mahali pa kuchezea, na katikati ya kipindi wanaketi kusikiliza Neno. Ni mapatano ya wazi, na kijana anajua anachokubali. Lakini mchezaji wa kulipwa haji kwako kuomba rampu, anazo nyingi. Hana anachohitaji kutoka kwako ila wewe mwenyewe, na wakati mwingine hata huyo hamhitaji.

Kuingia kwa mchezo huu katika Olimpiki kumebadilisha baadhi ya haya. Huko Tokyo, michezo ya 2020 iliyofanyika 2021, Momiji Nishiya wa Japani alitwaa dhahabu akiwa na umri wa miaka 13, na Kokona Hiraki alipata fedha akiwa na miaka 12. Paris mwaka 2024, Zheng Haohao wa China alishindana akiwa na miaka 11. Sasa kuna makocha, kuna vipimo vya dawa, kuna kijiji cha wanamichezo, na ndani ya kijiji cha Paris kulikuwa na kituo cha dini mbalimbali, Wakristo wakiwa pamoja na Waislamu, Wayahudi, Wahindu na Wabudha. Hapo mchezaji wa sketibodi alipewa kapelani kwa njia ile ile anayopewa mkimbiaji au muogeleaji.

Katika mashindano hayo ya Paris, Rayssa Leal wa Brazil, mwenye miaka 16, aliigeukia kamera na kwa lugha ya ishara ya Brazil akasema kwamba Yesu ndiye njia, kweli na uzima. Kanuni ya 50 ya Mkataba wa Olimpiki inakataza propaganda za kisiasa, kidini au za rangi katika maeneo ya mashindano, na mjadala ukazuka kama angeadhibiwa. Alibaki na shaba yake. Ndugu wengi walisambaza kipande hicho kwa furaha, nami nilikitazama zaidi ya mara moja: vidole vinakwenda haraka, uso umetulia, kisha anaukamata ubao wake na kuendelea na kazi. Nilifurahi kama wao. Lakini nilijiuliza pia kama kuna yeyote kati ya waliosambaza aliyewaza kwamba huyu ni binti wa miaka 16, ambaye tangu akiwa na miaka 13 uso wake umekuwa mali ya nchi nzima, na kwamba siku atakapoanguka vibaya, au atakapoona imani yake inayumba kama inavyoyumba kwa vijana wote wa umri wake, atahitaji mtu wa kumwambia bila kuogopa kwamba atawaangusha mashabiki wa ushuhuda wake.

Umri huo unaleta sharti ambalo wahudumu wa zamani wa mabwawani hawakulazimika kulifikiria. Zile safari za gari za saa nane za usiku nilizozisifu hapo juu kapelani hawezi kuzifanya akiwa na mtoto. Kapelani wa mchezaji wa miaka 12 anazungumza naye mahali wanapoonekana, mzazi akijua, pasipo ujumbe wa faragha wa simu, na jina lake likiwa limekaguliwa na wale wanaosimamia ulinzi wa watoto. Mtu anayesema kwamba taratibu hizo zinamzuia Roho, huyo asipewe kazi hii.

Linabaki suala la fedha, ambalo watu wa kanisa hupenda kuliacha mwisho kama nilivyofanya mimi. Kapelani asilipwe na kampuni ya mbao au ya viatu, kwa kuwa siku kampuni itakapomwacha mchezaji, kapelani huyo atakuwa upande wa kampuni. Asimtegemee mchezaji mwenyewe pia. Alipwe na kanisa au na kundi la makanisa, kwa mkataba wa miaka kadhaa, na ndani ya mkataba huo kusiwe na kipengele kinachomtaka apeleke majina ya waliookoka, picha za nyota akiombewa, wala video ya ushuhuda. Ripoti yake iwe ni ya nauli, mafuta ya gari, mafunzo aliyohudhuria na mtu anayemsimamia. Makanisa yatakayokubali masharti hayo hayatakuwa mengi, lakini yakiwepo hata mawili katika mji wenye wachezaji, kazi inaweza kuanza.